Uji Shambani kwa Isaka

Hapa kwetu Mnyuzi, ukitaka shamba lako lilimwe kwa siku moja unaalika majirani, na kazi ikiisha unawapa dengelua, pombe yetu ya miwa. Usipotoa pombe, utalima peke yako. Ndivyo tulivyokuta.

Mwatumu aliukataa utaratibu huo. Yeye mwenyewe amekunywa miaka kumi na minne. Mimi jirani yake nimemwokota mara mbili kando ya reli, sisemi ya kusikia. Alipoacha alijifungia ndani siku tano, anatetemeka na kumwomba Mungu. Tangu hapo akisikia kuna mtu anataka kuacha, hata kama ni Ngombezi kwenye kambi za mkonge, anajifunga khanga kiunoni anakwenda.

Isaka, mmoja wa aliowasaidia kuacha, alikuwa wiki ya tisa bila pombe. Mvua zimekaribia, shamba bado pori, na kuweka dengelua pale ni kumrudisha alikotoka. Mwatumu akapita akialika watu.

"Kuna uji wa tangawizi na mihogo," alisema. Wakacheka.

Asubuhi ya kulima tulikuwa watatu: Isaka, Mwatumu na mimi. Jua likapanda.

"Mama, nikanunue dumu moja tu," Isaka akasema. "Mimi sitaligusa."

"Utaligusa, mwanangu. Hata mimi ningeligusa. Shika jembe."

Mara akatokea Ramadhan, mmoja wa wale waliocheka, na watu kama kumi nyuma yake, na dumu la dengelua begani. "Shikamoo mama. Nimewaletea mafuta, mashine haziendi kwa uji."

"Marahaba. Liweke kivulini, usilifungue. Isaka akinywa leo, usiku analala kwako. Utamfuta matapishi, utamshika akitetemeka. Mimi nimemshika wiki tisa. Uko tayari?"

Ramadhan alimtazama Isaka, akalitua dumu kivulini. Wale wa nyuma wakaguna. Isaka akachukua jembe la ziada, akampa Ramadhan.

"Mstari wako ule pale, kaka."

Naye akalima, huku ananung'unika. Wengine wakafuata. Saa nane shamba lilikuwa jeusi lote, na uji ulikuwa umeisha, Mwatumu akabandika mwingine.

Ramadhan akajitwika dumu lake, halijapungua hata tone. "Jumamosi ni shambani kwangu," akasema. "Na mimi nitaweka pombe, mama, nakwambia mapema."

"Weka," Mwatumu akamjibu. "Tutakuja wote, na Isaka. Sufuria la uji nitalibeba mwenyewe."