Barua Niliyoificha Kwenye Debe la Mbegu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usianze kunitafutia visingizio, maana mimi nilishavitafuta vyote na vimeniishia.

Ni mama wa watoto watatu, mkulima wa kahawa huku Maguu, wilaya ya Mbinga. Watu wananijua kwa mdomo. Kwenye kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye katibu, na nyumbani mimi ndiye msomaji wa barua, kwa sababu nilifika kidato cha nne na mume wangu aliishia darasa la saba. Kiswahili anasoma vizuri tu. Kiingereza alikuwa ananiachia mimi.

Ni mwaka wa tatu sasa tangu Baba Hilda aanze kutokwa na mabaka mgongoni. Mapana kama kiganja, yamepauka, pembeni yana wekundu kwa mbali. Hayawashi, hayaumi. Huku kwetu ukiona ngozi ya mgongo wa mwanaume imebadilika huulizi mara mbili, unasema ni pampu. Wanaume wanabeba pampu ya dawa ya kahawa kutwa nzima, inavuja, shati linalowa, ngozi inaungua. Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo. Nilimpaka mafuta nikamtania kwamba sasa nimeolewa na ndama wa madoa.

Msimu wa kupulizia ukaisha, pampu ikatundikwa, lakini mabaka hayakuondoka. Likaongezeka jingine mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Ndipo akaenda zahanati, peke yake. Mganga alimgusagusa, akaandika barua, akamwambia, "Mzee, hili limenizidi. Nenda Mbinga mjini ukamwone daktari wa ngozi. Anakuwepo Alhamisi. Mpe barua hii." Ugonjwa hakuutaja. Nadhani hakutaka kumtisha kabla hajapimwa.

Akaja nayo nyumbani, kwenye bahasha ya kaki isiyofungwa.

"Mama Hilda, hebu nisomee. Wanasemaje?"

Ilikuwa mistari minne ya Kiingereza, na katikati yake neno moja lenye alama ya kuuliza. Neno lile nalijua tangu shuleni. Ukoma.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaendelea siku zile. Hilda, binti yetu wa kwanza, alikuwa amechumbiwa. Kijana ni mwalimu, kwao ni huko chini ziwani, ukoo wa Waanglikana unaoheshimika. Mshenga alishakuja, na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki tulikuwa bado tunavutana ndoa ifungwe kanisa gani. Nikajiona nimekaa mbele ya wale watu naulizwa baba wa bibi harusi anaumwa nini. Niliogopa, sitaki kukudanganya. Niliogopa aibu kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Nikamtazama mume wangu usoni. "Wamesema ni dawa ya kahawa imekuunguza. Upake mafuta, na ukipulizia uvae koti la mvua."

"Na Mbinga je?"

"Mbinga ni mpaka izidi."

Akashukuru, akaenda kulisha nguruwe. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, kwa nini asiniamini?

Barua nikaizamisha kwenye debe la mbegu ya maharage. Kwetu kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga, ila kufukia udongo na kupanda ni kazi yetu wanawake. Baba Hilda hajawahi kufungua debe lile tangu nije kwake. Nikajiambia ni mpaka harusi ipite, halafu nitampeleka mimi mwenyewe.

Harusi ikasogea mbele, ikasogea tena. Siku moja anatoka shambani, ndala ya kushoto ikabaki kwenye tope nyuma yake na yeye anaendelea tu kutembea, hana habari. Watoto wakacheka, na yeye akacheka.

Halafu ikaja sufuria. Aliinua sufuria ya maharage motoni kwa mkono wa kushoto mtupu, akaiweka chini taratibu kama mtu aliyeshika bakuli la maji baridi. Baadaye ndiyo tukaona malengelenge. Hapo nilijua. Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni pa stoo ya mbegu. Kisha nikarudi jikoni nikaongeza chumvi kwenye mboga. Kila nikikumbuka ile chumvi najichukia.

Msimu wa kuchuma ulipofika, kahawa zikawa zinamponyoka. Kidole kidogo na cha pili yake vya mkono wa kushoto vilianza kujikunja, haviambatani na vingine. Alikuwa anachuma kwa mkono mmoja, kimya kimya, na jioni kikapu chake hakijafika nusu ya changu.

Wakati huohuo wakaja wageni kutoka ziwani. Safari hii mshenga alikuja na shangazi aliyemlea yule kijana, mama mtu mzima, na kapu la usipa wakavu, dagaa wa kwao ziwani, begani. Baba Hilda akainama kumwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akaupokea mkono wake, wala hakuuachia. Akaugeuza, akabonyeza kidole kidogo kwa ukucha. "Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, shangazi. Ni dawa ya kahawa hiyo. Zahanati waliandika."

"Waliandika dawa ya kahawa?"

"Ndiyo. Mama Hilda alinisomea."

Yule mama akanitazama. Kisha akatoa mkono wake wa kushoto, ambao tangu afike ulikuwa chini ya kitenge, akauweka kwenye mkeka karibu na wa mume wangu. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja, vilevile.

"Mimi mama yangu alinificha ndani, nikiwa msichana, eti nisikose mchumba," alisema. "Nilipopata vidonge nikapona, nikaolewa, nikazaa, na huyu mnayemwoza binti yenu nimemlea kwa mikono hii. Ukoma unatibika, mwanangu. Ila uuwahi mapema. Mpelekeni kwa daktari wa ngozi wiki hii hii."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu niliokuwa nawaficha ndio wangekuwa wa kwanza kunielewa.

Alhamisi tukawa Mbinga mjini. Kumpata daktari wa ngozi niliyemkwepa mwaka mzima kulichukua asubuhi moja tu. Alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa kwa pamba na kumtaka aoneshe alipoguswa. Mgongoni hakuonesha kitu. Mkononi hakuonesha kitu. Alikaa amefumba macho anasubiri kuguswa, na daktari alishamgusa mara tano. Nilitazama pembeni.

"Dawa ni bure," daktari alisema. "Utameza mwaka mmoja bila kuruka, na ukishaanza hutamwambukiza mtu. Mabaka yataondoka. Kuhusu hivi vidole siwezi kukuahidi. Mishipa ya fahamu ikiwahiwa miezi ya mwanzo mara nyingi inarudi. Hii imekaa muda mrefu. Ni mara ya kwanza unakuja?"

"Niliandikiwa barua mwaka jana," Baba Hilda alijibu. "Ikasema nipake mafuta."

"Barua iko wapi?"

Mdomo wangu wote ule uliniishia pale. Nikasema ninayo mimi, iko kwenye debe la mbegu, na haikusema mafuta.

Mume wangu hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza! Alianza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja, vinamtoroka. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akasogeza bega.

Sote nyumbani tulipimwa, tukapewa dawa ya kinga, hakuna aliyekutwa na kitu. Hilda ameolewa, na yule shangazi alicheza kuliko wote. Vidonge vimeisha, mabaka yamefifia. Vidole viwili vimebaki vilevile. Nyasi za ngoro sasa anafyeka mdogo wake, yeye anasimama pembeni anaelekeza.

Juzi ililetwa barua nyumbani. Nilikuwa mlangoni, nikanyoosha mkono kama nilivyozoea. Akanipita, akaenda nayo mpaka kwa katekista, mwendo wa nusu saa, akasomewe huko. Na nikienda stoo nakuta debe la mbegu limesogezwa. Hasemi. Analipekua.

Nyie mnaosoma, ukiona baka kwenye ngozi lisilowasha wala kuuma, na ukiligusa husikii, usilisingizie pampu wala jua. Usipake mafuta ukasubiri. Nenda zahanati, na wakikuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi, ipeleke mwenyewe, siku hiyohiyo.

Na kama hujui lugha iliyoandikwa, mwombe mganga akuelezee kabla hujatoka mlangoni kwake. Usije nayo nyumbani kumpa mtu akusomee, hata kama mtu huyo anakupenda. Mimi nampenda mume wangu.