Malipo ya Ndugu na Rafiki

Mtaani walimwita Fundi Sindano, ingawa kushona kwenyewe hakujui, hata kutia kiraka kunamshinda. Kazi yake ni kutengeneza cherehani. Aliirithi kwa baba yake pamoja na chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu yenye madoa ya mafuta na makopo ya rangi yaliyojaa skrubu. Mteja mgeni akimkuta mwanamke ameinama juu ya mashine huuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Katoka. Ila kaniachia mikono yake."

Miaka mitatu iliyopita alijiunga na kundi la mafundi wenzake mtandaoni. Siku moja alikwama na cherehani iliyokuwa ikiruka mishono. Alikuwa ameshaifungua mara nne, akiifunga tena inaruka vilevile. Akarekodi mlio wake, akautupia kundini. Mwanamume mmoja aliyejiita Bobini akamjibu kwa sauti:

"Dada, hebu iache hiyo sindano, haina kosa. Ndoano ya chini, ile inayodaka uzi, ndiyo inachelewa. Isogeze mbele kidogo, unywele tu."

Akaisogeza. Mashine ikashona kama imetoka dukani.

Tangu hapo wakawa ndugu. Asubuhi salamu, mchana picha za gia na mikanda, jioni utani. Mama yake Fundi alipofariki, Bobini alimtumia rambirambi ya sauti, dakika sita nzima, na mwishoni sauti ikakatika kama ya mtu anayezuia kilio. Fundi aliihifadhi, akawa anaisikiliza peke yake akizidiwa.

Mumewe, mpishi wa hospitali, hakuacha kumtania. "Huyu shemeji yangu anajua mpaka siku unayokohoa. Lini atakuja tumwone sura?"

"Sura yake ya nini? Unataka kumwoza?"

Mwaka huu vidole vya Fundi vilianza kufa ganzi. Miaka ishirini ya kushika bisibisi si mchezo. Akawaza atafute mashine ya kudarizi, awe anadarizi nembo kwenye sare za shule. Kazi hiyo mashine ndiyo huifanya, mtu anasimamia tu. Alipomdokeza Bobini, kaka huyo akafurahi sana. Eti kiwanda kimoja anachokihudumia kinafungwa, na zipo mashine mbili safi, zimetumika kidogo. Moja ataiweka kwa ajili ya dada yake.

Huduma waliyokuwa wakitumia kutumiana pesa mtandaoni ilikuwa na njia mbili: kulipia bidhaa, au kumtumia ndugu na rafiki. Bobini akamwelekeza achague ya pili. "Ile ya bidhaa wanakata ada, halafu pesa wanaikalia wiki mbili. Mimi mwenye gari ananisubiri hapa."

"Lakini wameandika kwamba malipo haya hayana ulinzi," Fundi akamwambia.

Bobini alipojibu, sauti ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Sawa, dada. Kama mimi ni mtu wa kujilinda naye, basi tuache. Nitampa mwingine, wala sina kinyongo."

Fundi akaona aibu. Alimwomba radhi! Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaingiza kiasi, akiba aliyoikusanya kwa miezi kumi na tisa, na simu ikamuuliza: Je, unamfahamu mtu huyu? Akabonyeza Ndiyo.

Mashine ya pili aliitaka mshona mapazia, mama wa duka la jirani. Alikuja kuulizia, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Ni mtu wa kweli huyo?"

"Namjua kama kaka yangu wa tumbo moja," Fundi akamwambia.

Mshona mapazia hakuuliza la pili. Alimtumia Bobini pesa mchana uleule, kwa njia ileile.

Jumatatu Bobini akasema gari limeharibika. Alhamisi, dereva anaumwa. Baada ya hapo picha yake ikatoweka na ujumbe ukawa haufiki. Fundi hakuwaza wizi. Aliwaza ajali, akakosa hamu ya kula kwa ajili ya mtu yule. Mumewe ndiye aliyempa simu yake na kumwambia, "Mpigie kwa hii."

Simu iliita mara mbili.

"Haloo?" Sauti ileile.

"Kaka, ni mimi. Uko salama?"

Kwa nyuma kulikuwa na cherehani inayoshona vizuri, bila kuruka.

"Umekosea namba," Bobini akasema, akakata.

Fundi aliwapigia huduma kwa wateja wa ile kampuni ya kutumiana pesa. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. "Mama, ulimtumia kama rafiki. Ungelipia kama bidhaa, tungefuatilia."

"Alikuwa rafiki."

"Pole sana, mama. Kuna jambo lingine nikusaidie?"

Siku tatu aliingia dukani kwake kwa mlango wa nyuma, asikutane na jirani yake. Ya nne akajikaza, akaenda. Mshona mapazia alisimamisha mashine, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtu mimi simjui," akasema. "Niliyemjua ni wewe."

"Nitakulipa, hata kama ni kidogo kidogo."

"Sasa hivi sitaki kitu. Niache, nina kazi ya watu."

Siku ileile Fundi aliandika kila kitu kundini, akaweka risiti, akaandika pia kwamba yeye mwenyewe alimdhamini Bobini kwa jirani yake. Kiongozi wa kundi akamwomba afute, wasichafuane. Akakataa. Kabla ya jioni watu tisa walikuwa wamemfuata faragha, kila mmoja na mashine yake ambayo haikufika.

Mmoja, fundi aliyefiwa na mtoto, alimtumia rekodi ya sauti aliyopewa na Bobini. Dakika sita. Fundi aliisikiliza akiwa amesimama mezani. Maneno yaleyale, pumzi zilezile. Penye "mama" palikuwa na "mtoto". Na pale mwisho, sauti ikakatika mahali palepale.

Pesa hakuzililia. Hapo ndipo alipolia. Mumewe alimkuta amekaa sakafuni kati ya makopo ya skrubu. Wala hakutania. Alikaa naye.

Wiki iliyofuata alikwenda polisi na majina ya wale tisa kwenye karatasi. Kwenye benchi akamkuta mshona mapazia, amefika kabla yake, mkoba mapajani. Wakaitwa pamoja.

"Nani kati yenu alianza kumfahamu mtuhumiwa?" askari akauliza.

"Mimi," Fundi akasema.

"Ndiye. Andika hivyo," mshona mapazia akasema. Kisha akaongeza, akitazama ukuta, "Na uandike kwamba hakujua. Naye kaibiwa."

Akaunti ya Bobini ilifungwa. Mwenyewe hajapatikana, na pesa haijarudi hata senti. Wale majirani wawili wanasalimiana kila asubuhi wakifungua milango yao, salamu fupi, kila mtu na ufunguo wake mkononi. Ile rekodi ya dakika sita Fundi hajaifuta. Polisi walimwambia aitunze, ni ushahidi. Haifungui.