Wakwe wamekuja kumtazama mwali, simu ya sukari ikalia

Wakuu, salaam. Vijana mliomo humu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, marahaba. Shule niliishia darasa la nne, kutunga sijui. Haya yamenikuta nyumbani kwangu, hapa Kariakoo.

Nina mjukuu, Rahma, nimemlea mwenyewe. Mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu.

Ana kisukari tangu yuko shule ya msingi. Kile cha sindano kila siku.

Siku hizi ana kidude nyuma ya mkono, juu huku, kidogo kama kifuniko cha soda. Wenyewe wanaita sensor. Kinasoma sukari na kupeleka kwenye simu yake na yangu. Ikishuka, simu zote mbili zinapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa.

Zile mashine za kiunoni zinazompa mtu dawa zenyewe bado tunazisikia tu. Sindano anachoma mwenyewe.

(Na msidhani sukari inaua kwa kupanda tu. Ya kushuka inaondoka na mtu huku mnamtazama.)

Basi akapata mchumba. Alimwambia mapema, kijana akasema sawa. Ila kwao kijana hakusema kitu.

Siku ya kusingwa ikafika. Liwa na karafuu zilitoka kwenye meza yangu, maana ndiyo biashara yangu. Somo wake aliyemfunda, Bi Kidawa, akaanza kumsugua singo. Alipofika kwenye ule mkono akasimama.

"Shoga, hiki kitoke. Wakwe wanakuja mchana kumtazama mwali. Wakiondoka utakibandika."

Nikamwambia hakibandikwi mara ya pili. Kikitoka kimekufa.

"Basi tumfunge kitambaa."

"Kwani ameiba?"

Akanuna. Akasugua kwa kukizunguka, kama anayefagia karibu na mtu aliyelala.

Kumbe mwali alishachoma sindano ya asubuhi, na Bi Kidawa kamzuia kula mpaka singo ikauke. Mimi niko jikoni na pilau, sina habari.

Wakwe wakaingia, mama wa bwana harusi, shangazi yake na wenzao. Mwali kakaa mkekani, kafunikwa kanga.

Ndipo simu zikalia.

Nilitoka jikoni na soda. Nikamfunua kanga mbele yao wote. Jasho linamtoka, midomo inatetemeka. Nikamnywesha.

Yule shangazi akauliza, "Mwali ana nini?"

"Ana kisukari. Tangu mtoto."

"Kumbe tunauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Wa kwenye gunia ningemfunga kitambaa. Mkono huo hapo, tazama ushibe."

Wakuu, nikajua kama ndoa inakufa, inafia hapo kwenye mkeka wangu, na mimi ndiye niliyekataa kitambaa.

Mama wa bwana harusi alimsubiri mwali mpaka macho yakamrudi. Kisha akaniuliza, "Mama, hiyo kelele inalia kwako tu?"

"Kwangu na kwake."

"Akiwa kwangu Temeke, wewe uko hapa, utapaa?"

Akatoa simu kwenye mkoba, akampa Rahma. "Na mimi nitie."

Shangazi akafungua mdomo. Akaambiwa, "Wifi, kula pilau."

Wameshaoana. Juzi niko kwenye meza yangu napima liwa, simu ikalia. Nikamwacha mteja kasimama, natafuta kiatu cha pili niende. Mara mama mkwe wa Rahma akapiga.

"Mama, tulia. Anakunywa."

Nikakaa. Nilifurahi, na roho iliniuma kidogo. Miaka yote kelele ile ilikuwa yangu mimi.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto wa kisukari hafungwi kitambaa. Mimi nimezeeka, kuna siku italia na mimi sipo. Lazima ilie na kwa mtu mwingine, na mtu huyo hawezi kusikia kitu alichofichwa.

Mlioozesha watoto wa namna hii, wakwe mliwaambia lini, kabla ya posa au baada? Na anayeona nilimwaibisha mwali mbele za watu aseme pia. Nasoma kwa miwani, lakini nasoma.