Sheria ya Poti kwa Ticha Wangui

Zedekiah Sifuna alirudi Nairobi na binti yake Naliaka siku nne baada ya kumzika mama mkwe. Mtoto alikuwa amebakiza wiki tatu atimize miaka mitatu. Tangu mama yake, Philister, aende Dammam, Saudia, kufanya kazi za nyumbani, Naliaka alikuwa akilelewa na nyanya huyo kule Chwele, naye alimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita bibi. Kukhu alipofariki, nyumba ikafungwa kwa kufuli. Hapakubaki mtu wa kuachiwa mtoto ila baba yake, ambaye hutunza bustani za watu Spring Valley na kulala katika chumba kimoja hapa mtaani Satellite, mlango wa tatu kutoka kwangu.

Nimeishi katika miji mingi, na karibu kila mji nimewaona wazazi wakihukumiwa kwa sababu ya suruali za watoto wao. Sijaona aliyehukumiwa akiwa mpweke kama Zedekiah.

Kituo cha watoto kilicho karibu ni cha Ticha Wangui, mama wa makamo mwenye sauti ya kanisani. Ana watoto kumi na tisa na msaidizi mmoja, Lornah. Mlangoni amebandika karatasi ya sheria, na ile inayowaudhi wazazi ni hii: mtoto aliyetimiza miaka mitatu hapokelewi akiwa amevaa nepi. Watu husema ni roho mbaya. Ukikaa pale asubuhi moja utaona ni maji. Ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, tena yakipenda. Siku nyingine huja kwa mkokoteni.

"Mmoja akijinyea namuosha yeye, naosha nguo, naosha mkeka," Ticha alimwambia Zedekiah siku ya kwanza. "Huo ni mtungi mzima. Na hawa wengine wanangoja kupikiwa uji."

Baada ya uji wa saa tatu, poti za plastiki za kujisaidia hupangwa kwa mstari kando ya ukuta, na watoto huketi wakipiga makofi na kuimba. Naliaka hakuketi. Alishika ukuta, akakaza mwili wote. Walipojaribu kumkalisha alilia mpaka akakosa pumzi, na nusu saa baadaye akajikojolea juu ya mkeka. Ikawa hivyo Jumatatu, ikawa hivyo wiki nzima.

"Baba Naliaka, siku yake ya kuzaliwa ikipita na mambo bado ni haya, utatafuta kwingine," Ticha akasema.

"Kwingine wapi, Ticha?"

"Sijui. Lakini nikikuachia wewe, kesho wako kumi."

Zedekiah hakuwa na kwingine. Nyapara wake, Mwangangi, alikuwa amemwonya kwamba akikosa kazi siku moja zaidi, mkasi wake wa kukatia ua utapewa mtu mwingine. Bila kituo hakuna kazi. Bila kazi hakuna chumba, na mkataba wa Philister ulikuwa umebakiza miezi kumi na minne.

Alijaribu. Alinunua Kawangware poti yenye kichwa cha bata. Mtoto akaifanya kiti cha mwanasesere. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, walimshauri wakiwa kwenye kamba za nguo.

"Mchape kidogo tu," alisema Peres wa mlango wa kwanza. "Msichana mkubwa hivyo anakojoa kama mlevi wa Kawangware!"

Walicheka. Zedekiah naye akacheka, kwa adabu, akaingia ndani na kuanika suruali tatu ndogo dirishani.

Hakumchapa. Alikuwa mtu wa bustani, akafikiri kama mtu wa bustani: kisichonyweshwa hakivuji. Akaacha kumpa chai asubuhi. Akampa mkate mkavu na yai, akamwambia Lornah kwamba uji unamsumbua tumbo, asipewe. Siku mbili mtoto akarudi na suruali ile ile aliyoondoka nayo. Ticha akamsifu. Jioni ile nilimwona Zedekiah akitembea uani kama aliyetuliwa mzigo.

Siku ya tatu Lornah alimkuta Naliaka amepiga magoti mbele ya beseni la kunawia mikono. Alikuwa akinywa maji ya sabuni kwa viganja viwili, haraka haraka, kama mwizi.

Zedekiah aliitwa saa sita. Mwangangi alimwachilia kwa saa mbili, akamwambia asizoee. Alipofika, mtoto alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya maji na amelala kwenye paja la Lornah, midomo imepasuka.

"Ulimnyima maji?" Ticha aliuliza polepole, na sauti ya kanisani haikuwepo.

"Nilikuwa nataka akae kwako."

"Akae kwangu akiwa maiti?"

Zedekiah akampokea mtoto kutoka kwa Lornah.

"Sheria yangu imekufanya hivi," Ticha akasema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe umefanya. Niambie, huko kwa nyanyake alikuwa anajinyea?"

"Hapana. Walisema tangu mwaka na nusu alikuwa amekauka."

"Sasa huyo nyanya alikuwa anafanyaje?"

Zedekiah hakujua. Alikuwa akienda Chwele Krismasi na Pasaka, na mambo hayo aliyakuta yamekwisha. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, na yeye hakuwahi kuuliza, kwa sababu mwanamume akiuliza mambo ya mkojo wa mtoto mbele ya mama mkwe, ni yeye anayeonekana mchafu.

Jioni alimpigia Philister. Simu ya video ilikatika mara mbili. Alipomweleza, hakumficha habari ya maji, na mkewe alilia kwanza. Kisha akasema, "Miguuni. Mama alituweka sote miguuni."

Akamfundisha kwa maneno, kwa sababu mahali alipokuwa hakuweza kuonyesha. Kukhu alikaa chini, akanyoosha miguu, akaachanisha nyayo kidogo. Mtoto alikalia vifundo vya miguu, akimtazama uso kwa uso, mikono juu ya magoti ya mkubwa. Hapakuwa na plastiki, wala kuachwa ukutani pamoja na wageni. Akimaliza, jembe la kuzolea na majani ya kupangusia vilikuwa karibu.

Asubuhi, kabla ya kuvaa buti, Zedekiah alimpa binti yake chai kikombe kizima. Akatandaza gazeti, akaketi sakafuni, akakunja suruali, akanyoosha miguu. Miguu yake imepasuka visigino, imejaa alama za miiba ya ua. Naliaka aliitazama sana. Halafu akaja, akamgeukia, akakalia vifundo, akashika magoti ya baba yake. Akamwuliza, "Kukhu ako wapi?"

"Amelala," Zedekiah akasema. "Amelala Chwele."

Mtoto akakojoa.

Ticha Wangui alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Naliaka, siwezi kuweka watoto kumi na tisa miguuni. Hata Lornah ana miguu miwili tu."

"Naelewa."

"Lakini mimi hufungua saa kumi na mbili. Njoo na miguu yako. Weka poti katikati yake. Nakupa mpaka hiyo siku ya kuzaliwa, si zaidi."

Kwa hiyo, asubuhi tisa za kazi, mwanamume mzima aliketi juu ya mkeka wa Ticha Wangui, miguu imenyooshwa, poti ya rangi ya chungwa katikati ya nyayo zake. Akina mama walioleta watoto walipita wakimtazama pembeni, na mmoja akauliza kama kituo kimeajiri. Siku za kwanza Naliaka alikalia vifundo, na mkojo ukaanguka ndani ya poti. Siku ya tano Zedekiah aliachanisha nyayo kidogo zaidi. Siku ya saba mtoto alikuwa amekalia plastiki, huku ameshika magoti. Siku ya tisa, ambayo ilikuwa ya mwisho, aliingia, akavua kandambili, akavuta poti mpaka ukutani karibu na rafiki yake Cate. Wakaanza kugombana ni nani aliyevaa soksi nzuri.

Zedekiah alibaki ameketi na miguu yake mitupu.

"Inuka, Baba Naliaka," Ticha akamwambia, safari hii kwa upole. "Nafasi yake ipo. Nenda kazini."

Alimpigia Philister akiwa njiani, akamwambia kwamba mtoto amekubaliwa, kwamba sasa anaketi mwenyewe, hataki tena miguu ya mtu. Philister alifurahi, akamshukuru Mungu na kumshukuru Ticha.

"Mimi nilimwacha akiwa hajaanza kukaa vizuri," Philister akasema. "Sikuwahi kumweka miguuni hata mara moja."

Halafu akauliza kama mtoto amekunywa chai. Zedekiah akasema amekunywa, vikombe viwili.