Mwalimu Aliyeona Machozi ya Mwimbaji

Ilikuwa miaka ile televisheni bapa zilipoanza kufika Kitale. Nilikuwa dukani nikingoja birika langu la umeme lijaribiwe. Televisheni moja, pana kama meza, ilionyesha filamu ya kizamani ya nyimbo, picha safi hata ukaona nyuzi za shali ya mwimbaji. Mzee mmoja kutoka Bumula, mwalimu mstaafu, alisimama mbele yake kofia mkononi.

"Huu wimbo nilifundisha kwaya miaka mingi," alimwambia muuzaji, mama wa makamo. "Filamu tuliitazama shuleni kwa shuka nyeupe, picha ikitetemeka. Ni wimbo wa furaha." Kisha akasogea karibu. "Hebu ngoja. Kwani huyu analia?"

Mama akaacha kuandika risiti. "Analia, Mwalimu. Hata mimi niliuimba nikilia, ukanitoa kwa kwaya. Ati naharibu wimbo. Mamangu alikuwa amezikwa wiki hiyo."

Mzee alimtazama usoni mpaka akamtambua. Akaweka mkono juu ya kaunta, kiganja wazi. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliharibu."

"Si ni kitambo, Mwalimu," mama akasema, lakini mkono aliushika. Mzee akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Ubeti wa pili mama akaingia.

Nyinyi mnaofundisha, mtoto akiimba vibaya, muulizeni kwanza kuna nini nyumbani. Kwa hilo hamhitaji televisheni ya bei ghali.