Dirisha Alilolifungua Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuwahi kupita mbele ya pazia lililoshonwa vibaya akanyamaza. Hata siku alipomsindikiza binti yake kliniki, alimwonyesha muuguzi pindo lililopanda upande mmoja, na muuguzi akacheka hadi akasahau alikuwa anapima nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona mapazia katika chumba cha chini cha nyumba yake. Nusu ya kuta za chumba hicho ilikuwa imezama ardhini. Kilikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili na dirisha moja dogo lililokuwa sawa na miguu ya wapita njia, hivi kwamba aliwatambua wateja wake kwa viatu kabla ya kuwaona nyuso.

Sasa chumba kilikuwa kinasubiri mgeni. Binti yake alikuwa amebakiza wiki sita kujifungua, mumewe alikuwa kazini mbali, na walikubaliana aje akae kwa mama. Chini kulikuwa na nafasi na ubaridi, na mama angeshona huku mjukuu amelala pembeni.

"Kabla sijahamia, tupime radoni," binti akasema. Kule kliniki alikuwa amepewa karatasi yenye maelezo. Radoni ni gesi inayotoka kwenye mawe na udongo, hupenya katika nyufa za sakafu, na mtu akiivuta kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu.

"Ina harufu?" mama akauliza.

"Haina."

"Rangi?"

"Haina, mama."

"Basi hiyo si gesi, ni umbea."

"Umbea nao unaua, mama."

Mama Pindo akamwambia aite wapimaji.

Mpimaji kutoka idara ya afya alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya upole. Aliamkia, akaitikiwa, kisha akaweka juu ya rafu kikopo kidogo chenye mkaa maalumu.

"Siku tatu, mama, dirisha lisifunguliwe hata kidogo. Mlangoni pita, kisha funga. Kikopo hiki kinanasa hewa ya humu ndani. Ukiingiza ya nje, kitatupa jibu la uongo."

"Mwanangu, mimi nikiambiwa neno mara moja linatosha."

Siku ya kwanza alitii. Siku ya pili mvua ilinyesha, naye alikuwa ameshafua nepi ishirini na nne za mjukuu. Alizianika mle chini kwenye kamba ya mapazia. Kufikia saa nne asubuhi chumba kilianza kunuka uvundo. Katika maisha yake yote hakuwahi kumvalisha mtoto nguo yenye uvundo, na hakukusudia kuanza uzeeni. Akafungua dirisha kidogo, nepi zipate upepo tu. Mteja akaja, mkasi ukashika kazi, na dirisha likasahaulika hadi mchana wa siku ya tatu. Alilifunga saa moja kabla ya mpimaji kuja kuchukua kikopo, wala hakusema kitu.

Baada ya wiki moja majibu yakatoka maabara: radoni ilikuwa chini ya kiwango cha hatari. Binti akacheza na tumbo lake sebuleni kote, akaanza kupanga kitanda cha mtoto kikae ukuta gani. Mama Pindo akashuka kushona. Pindo la kwanza likaenda upande. Akalifumua. La pili nalo likaenda upande.

Alijua kinachomtafuna. Akisema, ataonekana mzee asiyesikia, na huenda binti akaenda kujifungulia kwa wakwe. Akinyamaza, mtoto atalala humu, mwezi baada ya mwezi, na hakuna atakayejua anavuta nini. Akaacha cherehani, akampigia mpimaji simu.

"Mwanangu, kikopo hakina kosa. Muongo ni mimi."

"Ulifungua dirisha, mama?"

"Siku nzima na ushee."

"Kwa nini?"

"Nepi."

Kicheko kikasikika kwenye simu. "Mama, nimeshakutana na waliofungua kwa ajili ya paka, na mmoja kwa ajili ya mume aliyekula maharage. Nepi ndiyo mara ya kwanza! Lakini asante sana. Wengi hawasemi. Nitakuja kupima upya."

Safari hii nepi zilikauka jikoni, na dirisha halikuguswa. Mpimaji akayaleta majibu mwenyewe: mara tatu ya kiwango cha hatari. Mama Pindo akaketi kwenye ngazi.

"Na mimi wa miaka kumi na tisa?"

Mpimaji aliketi kando yake. "Siwezi kukuambia kwamba huna hatari, mama. Lakini hatari si hukumu. Huvuti sigara, hilo ni jema. Mweleze daktari wako ili ajue. Na sisi tuanze kuipunguza."

Mafundi walitoboa sakafu, wakapitisha bomba hadi juu ya paa na kufunga feni ndogo ya kuvuta hewa ya chini ya nyumba usiku na mchana. Nyufa zikazibwa. Wakati huo wote Mama Pindo alishonea jikoni, na binti alilala chumba cha juu. Hakwenda kwa wakwe. Aliposikia habari ya dirisha alicheka hadi akashika kiuno, kisha akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu.

Majibu ya kipimo cha tatu yalifika mtoto akiwa na siku kumi na mbili: radoni ilikuwa imeshuka chini kabisa ya kiwango cha hatari. Mama Pindo alimshusha mjukuu mwenyewe, ngazi moja moja, akamlaza, akaweka kiganja juu ya kifua chake. Kifua kikapanda, kikashuka.

"Asante," akasema.

"Unamwambia nani?" binti akauliza.

"Mungu kwanza. Kisha yule msichana. Kisha wewe, kwa ubishi wako."

"Nimeurithi kwako."

"Basi na mimi nijishukuru," akajibu, na kiganja hakukiondoa.