Jarida la Bure na Sauti ya Pili

Jarida letu la tamasha nililianzisha mimi. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi watu wakilikumbuka wanamtaja mwenzangu. Kila mwaka, kahawa ikishauzwa, kwaya na vikundi vya ngoma na maigizo vilikusanyika Vwawa kwa siku kadhaa. Sisi wawili tulitazama, tukaandika tulichokiona, tukachapa kwa stensili na kugawa bure getini asubuhi yake.

Mwenzangu alikuwa wakala wa forodha Tunduma, mtu wa kuja, hana shangazi wala mjomba kuanzia Nanyala hadi mpakani. Mimi ni Mnyiha wa hapa hapa. Toleo la kwanza lilipotoka, watu walinung'unika kwamba nimewasifia wajomba zangu. Kwa hasira nikaweka kanuni: hakuna kuandika juu ya kikundi chenye ndugu yako. Nilijiona mtu wa haki kweli kweli. Kumbe mtu wa Mbozi, ukichukua upande wa baba, wa mama na wakwe, ana ndugu katika kila kwaya. Nikabaki na wacheza ngoma wa Kisukuma waliopanda kutoka Momba, na wachekeshaji wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliosema Kibemba ninachokisikia nusu nusu. Vingine vyote vikawa vyake.

Na alijua kuandika, hilo ndilo lililoniudhi. Wauza karanga walifungia karanga kwenye kurasa zangu. Za kwake nilizikuta zimebandikwa kwenye kuta za saluni na vibanda vya chai. Nilimwonea wivu mchana kweupe. Nilikuwa nikipita sokoni natupia jicho karanga zimefungwa kwa maneno ya nani.

Hayo ningeyameza. Lakini mke wangu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na kila akishuka jukwaani aliniuliza wameimbaje. Nilimjibu kwamba wameimba vizuri. Kisha mwaka mmoja mwenzangu akaiandika kwaya ile. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba mwisho wa mstari wa kushoto yuko mama ambaye akishusha sauti, kwaya nzima inamsubiri, na kwamba kabla ya ubeti wa mwisho hufumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mke wangu aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama mlangoni, na kikapu bado mkononi. Mwaka huo hakuniuliza wameimbaje. Nilingoja aniulize siku nzima, na kesho yake pia.

Tamasha lililofuata nikaifuta kanuni. Nilimwambia mwenzangu kwamba kwaya ile ni yangu. Alikubali bila ubishi, akasema hata yeye angependa kusoma nitakachoandika, na upole wake ukanichoma zaidi. Siku ya kuimba tulikaa benchi moja la mbele. Niliandika ukurasa mzima na nusu: mpangilio wa sauti, mashairi, sare zao, namna mwalimu wao alivyowaongoza. Nikampelekea mke wangu kabla ya mtu mwingine yeyote, wino haujakauka sawasawa.

Alikuwa anachambua maharage. Alijifuta mikono, akasoma taratibu, kisha akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Baba watoto, umetuandika vizuri," alisema. "Ila mimi sijajiona."

Nikamweleza kwamba haipendezi mume kumsifia mkewe gazetini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sikutaka sifa. Ungeandika tu ulichoniona nafanya."

Akarudi kwenye maharage yake. Wimbo mzima nilikuwa nimemkazia macho mwenzangu, nione anamtazama nani.